DEREVA WA KAWAIDA NA GARI LA UMEME KATIKA NCHI JIRANI



Katika mpaka wa Rusumo, pale mto Kagera unapotenganisha Tanzania na Rwanda, ziko nguvu za aina mbili zinazovuka kuelekea Kigali. Ya kwanza huvuka juu ya magurudumu. Ni lori la mafuta lililopakia bandarini Dar es Salaam, likapita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, likakata kiasi cha kilomita 1,500 kabla dereva wake hajafika mwisho wa safari. Ya pili haina dereva wala karatasi za forodha. Ni umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Askari aliyewahi kupangiwa zamu kwenye daraja lile analijua lori vizuri, na foleni yake, na kelele za madereva wanaodai wamechelewa. Umeme hauna foleni.

Katika tofauti hiyo ndimo ulimozaliwa uamuzi ambao sasa unazungumzwa katika kila kijiwe cha pikipiki cha Afrika Mashariki. Tangu tarehe 1 Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kwa kazi ya kuchukua abiria katika jiji la Kigali ni lazima iwe ya umeme. Zile za petroli zilizokwisha kuwa kazini kabla ya siku hiyo zimeachwa ziendelee. Jambo hilo halikuzuka ghafla. Mwaka 2019 Rais Paul Kagame alikwisha kutamka kwamba pikipiki za nchi ile zitageuzwa kuwa za umeme, na Aprili 2021 Baraza la Mawaziri la Rwanda likayaondolea magari ya umeme ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Ethiopia, jirani wa jirani, imekwenda mbali zaidi: mwezi Januari 2024 Serikali yake ilitangaza kuwa gari dogo la petroli au dizeli haliruhusiwi tena kuingizwa nchini. Kenya haikukataza kitu. Imejaribu kuwavuta madereva kwa bei ya umeme. Nayo Uganda imejenga kiwanda.

Kwa nini dola zinakwenda mbio namna hii? Sababu inayotajwa mara nyingi ni hewa safi, nayo ni kweli, kwani moshi wa pikipiki na mabasi makuukuu si afya kwa mtu yeyote. Lakini mtu aliyefundishwa kazi ya ulinzi ataiona haraka sababu nyingine, ambayo haipambwi sana katika hotuba. Nchi isiyo na bahari, inayonunua kila tone la petroli kwa fedha za kigeni na kulipitisha katika ardhi ya wengine, ina koo ambalo mwingine anaweza kulikaba hata bila kukusudia.

Historia ya ukanda huu ina mifano. Julai 1976, baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, uhusiano wa Kenya na utawala wa Idi Amin uliharibika, mafuta yaliyokuwa yakipita Kenya yakazuiwa, na Uganda ikabanwa vibaya. Januari 2008 hakuna aliyetangaza vikwazo. Kulikuwa na machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya tu, barabara zikazibwa na reli ikang'olewa pale Kibera. Lakini katika siku chache bei ya petroli mjini Kampala ilipaa na Rwanda ikalazimika kugawa mafuta kwa kipimo. Mwaka 2024 madereva wa Bujumbura walikuwa wakilala katika foleni za vituo vya mafuta kwa siku kadhaa, si kwa sababu ya vita wala njia kuzibwa, bali kwa upungufu wa fedha za kigeni za kuyanunulia. Na hapa nchini askari wastaafu wangali wanakumbuka shida ya mafuta ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wakati magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea mchana wa Jumapili.

Basi hoja ya dola inaeleweka, na ni hoja nzuri. Ila dola haiendeshi pikipiki.

Anayeiendesha ni kijana wa Kigali ambaye wenzake humwita motari, au mwenye bodaboda wa Nairobi, au mwenye teksi wa Addis Ababa. Mtu huyu hahesabu kwa miaka kumi, wala hahesabu kwa mapato ya taifa. Hesabu yake huanza alfajiri na kwisha usiku. Ndani yake mna mafuta, deni la chombo, chakula, kodi ya chumba, ada ya watoto na, ikiwa Mungu amejalia, kidogo cha kubaki. Ukimwuliza kama anapenda umeme, hatakujibu kwa mapenzi. Atakujibu kwa hesabu hiyo.

Na hesabu hiyo, kwa upande mmoja, inaupendelea umeme waziwazi. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta katika joto na moshi, na sehemu inayofika kwenye gurudumu ni ndogo. Mota ya umeme hufanya kinyume: nguvu nyingi ya betri hufika kwenye gurudumu. Tena haina plagi, haina kabureta, haina oili ya injini ya kubadilishwa, na katika miteremko inaweza kurudisha sehemu ya nguvu ndani ya betri. Kwa Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima, jambo hilo si dogo. Mota hiyo hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, ndiyo maana motari aliyezoea kubadili gia mara nne kupandisha abiria mnene mlimani husifu kwanza mlima, kisha ndipo asifu bei.

Chukua mfano wa Nairobi, ambako bei zinajulikana. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto: shilingi 16 za Kenya kwa uniti katika saa za kawaida na shilingi 8 katika saa ambazo watu wengi wamelala, kabla ya kodi na tozo. Pikipiki ya umeme hula kiasi cha uniti moja na nusu kwa mwendo wa kilomita 40. Hiyo ni shilingi 24 kwa bei ya mchana, na 12 kwa bei ya usiku. Pikipiki ya petroli itakwenda mwendo huohuo kwa lita moja hivi, na tangu mwaka huo wa 2023 lita moja mjini Nairobi imekuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 170. Hata kodi zote zikiongezwa, pengo ni kubwa mno.

Sasa lizuke swali ambalo madereva wenyewe hulizusha mapema kuliko wataalamu: pengo hilo linakwenda mfukoni mwa nani?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwenye bodaboda hachaji betri yake chumbani. Bei ile nafuu ni ya mita za kuchajia magari, si ya mita ya nyumba ya kupanga yenye wapangaji kumi. Na mara nyingi betri yenyewe si yake. Kwa kuwa betri ndiyo sehemu ya chombo inayokula fedha nyingi kuliko zote, kampuni nyingi za pikipiki za umeme, tangu ya kwanza ilipoanza kazi Kigali mwaka 2019, zimechagua utaratibu huu: dereva ananunua pikipiki, kwa kawaida kwa mkopo, na kampuni inabaki na betri. Betri ikikaribia kwisha chaji, dereva anakwenda katika kituo cha kampuni, anatoa iliyokwisha, anapewa iliyojaa na kulipia nguvu aliyotumia. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, upesi kuliko kupanga foleni ya petroli. Utaratibu huo una akili. Bila huo kijana asiye na mtaji asingeweza kamwe kukipanda chombo cha umeme, wala asingeweza kukaa saa nne akingoja betri ijae wakati abiria wanapita.

Lakini angalia kilichobadilika. Mwenye pikipiki ya petroli, akikuta kituo kimoja kimepandisha bei au kimefungwa, huvuka barabara akaenda kwa mwingine. Mafuta ya huyu na mafuta ya yule yote huingia katika tangi lake. Betri haziko hivyo. Kwa kawaida betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile, na vituo vya huyu havimhudumii mteja wa yule. Dereva aliyekuwa mteja wa soko zima amekuwa mteja wa duka moja. Leo bei ya kubadilisha betri ni nafuu, kwa sababu kampuni zinawatafuta wateja. Kesho, petroli itakapokuwa haipo tena pembeni kuzishindanisha, nani atazizuia? Na mkopo ukichelewa, kampuni nyingine zina uwezo wa kuzima chombo kutoka ofisini kwa mawimbi ya simu, pasipo dalali wala hati ya mahakama. Mwenye kukopesha ana haki ya kulindwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo chombo kinachozimwa kikiwa barabarani na abiria nyuma ni jambo ambalo sheria za usalama barabarani zilizoandikwa zamani hazikulifikiria.

Ndiyo sababu malalamiko ya madereva katika miji hii yanafanana sana. Vituo vimejaa katikati ya mji na vinakuwa haba pembezoni, kwa hiyo abiria wa mbali anakataliwa. Saa za jioni, kila mtu anapotaka betri kwa wakati mmoja, zilizojaa huisha na wenye pikipiki hukaa vikundi wakingoja. Betri iliyozeeka hupewa mtu kama iliyo mpya, naye hugundua mbele ya safari kwamba mwendo aliouzoea haufiki. Fundi wa chini ya mti, yule aliyekuwa akifungua injini ya petroli kwa spana tatu na kumdai dereva baadaye, hawezi kuigusa. Hakuna hata moja katika haya linalosema umeme ni mbaya. Yote yanasema kwamba dereva hataki kufungwa.

Liko pia suala la umeme wenyewe kukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Kituo cha mafuta chenye jenereta huweza kuendelea kuuza siku ya namna ile. Kituo cha betri huendelea mpaka betri zilizojazwa kabla zimalizike, kisha hufunga. Ni haki kuongeza kwamba pampu za petroli nazo huendeshwa kwa umeme, na kwamba Kenya huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa maji na kwa upepo, vyanzo ambavyo havipiti katika meli ya mtu. Hata hivyo kwa mwenye bodaboda siku moja bila kazi ni siku moja bila chakula, na hawezi kulishwa kwa takwimu za Olkaria.

Ethiopia inatoa somo la namna nyingine, kwa kuwa kule hakuna aliyeulizwa. Waziri wa Uchukuzi alieleza mwaka 2024 kwamba nchi ilikuwa imetumia karibu dola bilioni 6 za Marekani kwa mwaka mmoja kununua mafuta, na kwamba zaidi ya nusu yake iliteketezwa na magari. Nchi hiyo ina maji. Bwawa kuu la mto Nile, lililozinduliwa rasmi Septemba 2025, limejengwa kutoa megawati 5,150. Ushuru wa gari zima la umeme ukashushwa hadi asilimia 15, na wa lile linaloletwa vipandevipande ili kuunganishwa nchini ukafutwa kabisa. Kwa hesabu ya dola, huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachokifanya. Kwa mkazi wa Addis Ababa mwenye nyumba yenye ua na mita yake, ni neema: anachaji usiku, asubuhi anapita kando ya foleni ya petroli akiwa ameshika njia yake.

Ila mwenye teksi anayekwenda mikoani anaishi katika nchi nyingine kabisa, ingawa ramani ni moja. Vituo vya kuchajia nje ya mji mkuu ni vichache, na watu wengi vijijini hawana umeme hata wa taa. Spea ni za shida, na mafundi waliosomea kazi hiyo ni wachache. Gari la petroli la zamani, ambalo ilidhaniwa thamani yake itaporomoka, limekuwa kitu cha kutunzwa, kwa kuwa mwingine kama huyo hauingii tena. Amri inaweza kufunga mlango wa bandari kwa siku moja. Kujenga vituo kutoka Addis Ababa hadi Gondar na Jijiga ni kazi ya miaka, na katika miaka hiyo anayebeba tofauti ni dereva.

Uganda imeshika njia ambayo wasikilizaji wa majeshi watapenda kuijua. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza gari dogo la umeme, Kiira EV, likaendeshwa hadharani Novemba 2011, na mwaka 2016 wakaonyesha basi lenye kutumia mwanga wa jua. Kutokana na kazi hiyo ikaundwa kampuni ya Serikali, Kiira Motors. Kiwanda chake huko Jinja kilijengwa na shirika la uzalishaji mali la jeshi la Uganda, na mabasi yake ya umeme ya kwanza yaliungwa katika karakana za shirika hilohilo huko Nakasongola. Hapo jeshi limeingia katika jambo hili kama fundi. Faida yake kwa dereva haionekani katika nauli ya leo. Itaonekana siku chombo kitakapoharibika, ikiwa yupo karibu mtu aliyekijenga kwa mikono yake na anayejua kukifungua.

Kwa askari wa usalama barabarani, mambo haya si ya nadharia, kwa sababu vyombo hivi havisubiri vibali vya mazoea. Pikipiki ya umeme haina mlio. Mzee anayevuka barabara kwa kusikiliza, na mtoto anayecheza kandokando, hawaisikii ikija. Betri za lithiamu, zikipasuka katika ajali au zikichajiwa vibaya, hushika moto ambao ndoo mbili za maji haziuzimi. Unahitaji maji mengi sana, na huweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umekwisha. Kikosi chochote cha zimamoto katika miji ya mipakani kinapaswa kulijua hilo kabla ya ajali ya kwanza, si baada yake. Kwa upande mwingine, chombo ambacho kampuni inakiona kilipo kila saa ni kigumu kuibwa, na jambazi anayekimbia nacho anaweza kujikuta kimemzimikia katikati ya daraja.

Yote hayo yakiwekwa pamoja, picha inayojitokeza inatofautiana na ile inayochorwa na watu wa pande zote mbili. Wapo wasemao kwamba dereva wa kawaida ni mtu wa zamani anayeogopa kitu kipya. Si kweli. Mtu huyuhuyu ndiye aliyeipokea simu ya mkononi na kutuma fedha kwa simu kabla ya benki nyingi kuelewa kinachotokea. Wapo pia wasemao umeme ni mchezo wa matajiri wa Ulaya, usiofaa barabara za Afrika. Hilo nalo vilima vya Kigali vimekwisha kulijibu. Dereva anachouliza ni kama, baada ya nchi yake kujinasua kutoka koo la bandari ya mbali, yeye mwenyewe ataingizwa katika koo jembamba zaidi la kituo kimoja cha betri.

Jibu limo katika mambo ambayo hayapigiwi ngoma. Limo katika kiwango kimoja cha betri, ili ya huyu iingie katika chombo cha yule, kama vile mtungi wa gesi unavyotarajiwa kumfaa mpishi popote. Limo katika bei ya kubadilisha betri inayosimamiwa hadharani, kama bei ya petroli inavyosimamiwa na kutangazwa nchini Kenya kila mwezi. Limo katika mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa lugha anayoisoma mkopaji, unaosema wazi ni lini chombo kinaweza kuzimwa na ni lini hakiwezi. Hayo ni madaraka ya serikali, na serikali zilizoweza kufunga milango ya petroli kwa tamko moja haziwezi kudai kwamba hazina nguvu ya kuyafanya.

Wakati hayo yakingojewa, katika vijiwe vya Kigali pikipiki za aina mbili zinasimama bega kwa bega. Mwenye petroli ana leseni yake ya zamani na hajalazimishwa chochote. Kila jioni humwuliza mwenzake wa umeme amebaki na kiasi gani baada ya kulipa kila mtu, na kwa jibu atakalopewa ndipo ataamua atanunua nini chombo chake kitakapochakaa.